Riwaya za Kikristo za vijana: kwa nini jibu huwahi kufika kabla ya swali

Akiwa na miaka 16, Augustino alitoka usiku na wenzake, wakaenda kuutikisa mti wa mapeasi wa watu. Ilikuwa Thagaste, mji mdogo ulio katika Algeria ya leo, yapata mwaka 370. Waliondoka na mzigo mzima. Walionja machache, yaliyobaki wakawatupia nguruwe. Njaa hawakuwa nayo, na nyumbani kwao Augustino yalikuwapo mapeasi mazuri kuliko yale. Miaka karibu 30 baadaye, akiwa askofu, alikaa akaujazia usiku ule kurasa kadhaa za kitabu chake, Maungamo, akijiuliza swali lilelile kwa namna nyingi: niliiba ya nini? Jibu analolikaribia linatia aibu kuliko wizi wenyewe. Aliupenda uovu kwa sababu ni uovu, na lau angekuwa peke yake asingekwenda.

Maungamo si riwaya, wala hayakuandikiwa vijana. Hata hivyo, kila nishikapo riwaya ya Kikristo iliyoandikwa kwa ajili ya vijana, huipima kwa ule mti. Pale kuna rika linalosukuma. Kuna dhambi isiyo hata na utamu wa maana. Kuna Mungu ambaye katika tukio lenyewe hasikiki kabisa. Na kuna swali lililokaa moyoni mwa mtu miaka karibu 30 bila kupoa. Hili la mwisho ndilo riwaya nyingi za aina hii hulikosa: swali linaulizwa sura ya tatu, na sura ya nne kiongozi wa vijana keshalijibu.

Wanaozibeza husema waandishi wake hawana kipaji. Wapo wasio nacho, kama ilivyo kila mahali. Lakini hata waandishi hodari hujikuta wamefika palepale, na hilo haliji kwa bahati mbaya. Kuna mikono kadhaa inayoisukuma hadithi kuelekea huko.

Vitabu vitatu vyenye jina moja

Jina “riwaya za Kikristo za vijana” limebeba mizigo mitatu tofauti, na mabishano mengi hutokea kwa sababu mmoja anazungumzia huu na mwenzake ule.

Kuna riwaya safi. Hazina matusi, hazina kitanda, hazina ulevi usioadhibiwa. Dini ndani yake huenda isizidi sala ya kabla ya kula. Ni hadithi za mapenzi au upelelezi ambazo mzazi anaweza kumwachia mtoto bila kuzipitia kwanza.

Kuna zile za mafumbo, ambamo imani imevishwa nguo za ngano: mfalme aliyepotea, njia nyembamba, mnyama anayekufa na kufufuka. Babu yao ni hadithi ya John Bunyan iliyotoka mwaka 1678, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Safari ya Msafiri. Bunyan alikuwa fundi wa kuziba vyungu vya chuma aliyefungwa miaka mingi kwa kuhubiri bila kibali, na safari yake ina matope, ngome ya mashaka na watu wanaogeuka nyuma. Hakumfichia msafiri wake kitu.

Kisha kuna zile ambazo uwanja wa vita ni imani yenyewe. Kijana anaamini, au anataka kuamini, au amechoka kuigiza kwamba anaamini, na hadithi yote imesimama juu ya hilo. Makala haya yanahusu hizi. Nyingi hutolewa na wachapishaji wa Kikristo, lakini si zote. Go Tell It on the Mountain ya James Baldwin, ya mwaka 1953, imeuzungusha ulimwengu wake wote kwenye siku kijana John alipotimiza miaka 14 na usiku aliolala kifudifudi sakafuni mwa kanisa akipigana na roho yake. Baldwin aliijua sakafu hiyo: alikuwa mhubiri tangu akiwa na miaka 14 hadi 17. Kijana wake anaokoka, na kulipokucha baba yake bado hampendi. Wokovu umetokea kweli na nyumba imebaki vilevile. Hakuna meza ya ofisi ya uchapishaji wa vitabu vya vijana ambapo mwisho kama huo ungepita bila kuulizwa.

Mzazi ndiye mwenye pochi

Mwaka 1799 iliundwa London jumuiya ya kuchapisha vijitabu vya dini, na katika karne iliyofuata vitabu vyake vilisambaa kupitia shule za Jumapili. Mtoto aliyehudhuria vizuri alipewa kitabu kama tuzo. Hebu tazama mpangilio huo: mtu mzima ndiye aliyeandika, mtu mzima ndiye aliyechagua, mtu mzima ndiye aliyelipa, na mtoto akakipokea kama zawadi ya tabia njema. Katika vitabu vingi vya wakati ule mtoto mwema huugua, huwaaga wazazi kwa maneno mazuri kuliko ya mchungaji, kisha hufa. Sijui kama ni tuzo nzuri kwa mwenye miaka kumi.

Mpangilio ule haukufa. Marekani, ambako biashara hii ilikua kuliko kwingine kote, wauza vitabu wa Kikristo waliunda chama chao mwaka 1950, na maduka yao yakawa mlango wa kila kitabu. Duka lilimwahidi mzazi kwamba chochote kilicho rafuni ni salama. Miaka ya 1980 na 1990 mifululizo ya wasichana na wavulana ikafurika humo. Mfululizo wa Left Behind, ulioanza mwaka 1995 kwa watu wazima, ulizaa toleo la vijana mwaka 1998, likafika vijitabu 40. Maduka hayo baadaye yaliporomoka: Family Christian Stores walifunga mwaka 2017, na LifeWay wakatangaza mwaka 2019 kwamba wanafunga maduka yao yote. Mlango ukahamia kwenye intaneti. Mwenye pochi hakubadilika.

Kwa hiyo mwandishi wa riwaya hizi ana wasomaji wawili wasiotaka kitu kimoja. Mama anataka kitabu kitakachomrudisha mtoto kanisani. Mtoto anataka kitabu kitakachokiri kwamba kuna siku kanisa linachosha, linatisha, au linadanganya. Mama ndiye anayesoma nyuma ya jalada kabla ya kulipa.

Matokeo ya kwanza ni lugha ya kuficha. Dhambi lazima itajwe, maana bila dhambi hakuna toba, lakini isionekane. Ndipo tunapata sentensi kama “usiku ule alifanya mambo aliyokuja kuyajutia.” Mambo gani? Msomaji wa miaka 16 anabaki akikisia kati ya busu na mauaji. Augustino, mtakatifu wa kanisa, alitaja mti, tunda, saa na nguruwe. Huhitaji kuandika uchafu ili uandike dhambi. Unahitaji kuandika kitu kinachoshikika. Peasi linatosha.

Matokeo ya pili ni hesabu ya haraka. Kijana akinywa pombe sura ya tano, gari litapinduka sura ya sita. Wazazi huridhika. Vijana hucheka, kwa sababu wanawajua wenzao waliokunywa Jumamosi na Jumapili wakaimba kwaya kwa sauti nzuri, na hakuna gari lililopinduka. Swali lao halisi lilikuwa hilo hasa: mbona hakuna kilichotokea? Zaburi ya 73 inauliza swali hilohilo juu ya waovu wanaostawi, na mtunzi wake anakiri kwamba miguu yake ilikaribia kuteleza kwa kuwaonea wivu. Kitabu kinachokimbilia adhabu hukosa kumkuta msomaji pale alipokaa.

Ushuhuda unasimuliwa kutoka mwisho

Lakini kumlaumu mzazi peke yake si haki. Kuna sababu nyingine iliyo ndani zaidi, na nadhani ndiyo kubwa.

Mkristo aliyelelewa kanisani amejifunza namna moja ya kusimulia maisha ya rohoni, nayo ni ushuhuda. Nilikuwa hivi, Bwana akanitoa, sasa niko hivi. Ushuhuda ni kitu kizuri, na una kanuni yake: anayesimama kuutoa tayari ameshafika. Hakuna anayeshika kipaza sauti kusema, “Nimekwama, sijui kama kesho nitakuwepo.” Msikilizaji anajua mwisho kabla ya mwanzo, maana mwisho umesimama mbele yake umevaa suti.

Riwaya inafanya kinyume. Mhusika wake hajui ukurasa unaofuata una nini. Mwandishi anapoimimina hadithi ya ushuhuda kwenye chupa ya riwaya bila kubadilisha kitu, giza lote linakuwa la kupita. Msomaji anaona taa ya mwisho wa njia tangu sura ya kwanza. Mapambano yanakuwa maigizo ya mapambano, kama mieleka ambayo mshindi wake amepangwa.

Chukua mfano nilioutunga mwenyewe. Tabitha ana miaka 15. Kaka yake alilazwa wiki sita. Kanisa lilifunga na kuomba. Kaka akafa Jumanne. Sasa ni Jumapili ya tatu baada ya mazishi, na Tabitha amekaa benchi la vijana. Toleo la kwanza umeshalisoma mahali:

Tabitha alihisi machozi yakimlengalenga. “Kwa nini, Mungu?” aliwaza. Baada ya ibada dada Ruthu alimkumbatia. “Mungu ana makusudi na kila jambo,” alimwambia. Maneno yale yalimpenya moyoni kama mwanga. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, alihisi amani.

Hili ni la pili:

Kiongozi aliuliza nani ana ushuhuda. Msichana wa benchi la mbele alisimama, akamshukuru Mungu kwa kumponya mafua siku moja kabla ya mtihani. Wote wakaitikia amina. Tabitha naye aliitikia. Mdomo ulifunguka wenyewe. Kisha akaanza kuhesabu. Siku tatu za kufunga. Watu 62, maana yeye ndiye aliyeandika majina. Mafua. Dada Ruthu aligeuka akamtazama kwa huruma, na Tabitha akatabasamu upesi, kwa sababu ukitabasamu watu hawakukumbatii.

Katika toleo la pili hakuna neno baya hata moja. Mama yeyote anaweza kulisoma kwa sauti mezani. Hakuna hata alama ya kuuliza. Lakini swali limekaa pale kama jiwe ndani ya kiatu: watu 62 kwa kaka, mtu mmoja kwa mafua. Ile “amina” iliyotoka kwa mazoea inasema kitu ambacho kurasa kumi za “nilianza kutilia shaka imani yangu” haziwezi kusema. Imani ya kijana huyu bado iko mdomoni na magotini. Imeondoka kwenye hesabu.

Sisemi kwamba maneno ya dada Ruthu ni uongo. Kwa anayeamini, yanaweza kuwa kweli tupu. Tatizo ni saa. Marafiki watatu wa Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Hapo walikuwa marafiki wema. Mambo yaliharibika walipofungua midomo. Riwaya nyingi za vijana huruka zile siku saba.

Mungu asiyeingia jukwaani

Wapo wanaodhani dawa ni kumwondoa Mungu, hadithi ikabaki ya saikolojia. Hapo nawakatalia. Riwaya ya mapambano ya kiroho ambayo Mungu wake hawezi kufanya lolote ni sawa na riwaya ya bahari isiyo na maji. Shida ni kwamba Mungu ni mhusika mgumu kuliko wote. Anajua kila kitu, anaweza kila kitu, na akiingia jukwaani hakuna tena mchezo.

Wagiriki wa kale walikuwa na mtambo wa kuwashusha miungu jukwaani mwishoni mwa tamthilia, na Aristotle aliwalaumu watunzi walioutegemea kufungua fundo lao. Fundo lifunguke kutokana na hadithi yenyewe, alisema. Mwandishi asiye na dini anaikubali kanuni hiyo bila shida. Mwandishi Mkristo anabanwa pande mbili. Anaamini kweli kwamba Mungu hushuka. Kumwambia asimshushe ni kama kumwambia aandike asichokiamini. Akimshusha, msomaji anahisi amepunjwa.

Biblia yenyewe imelishughulikia jambo hili kwa ustadi ambao waandishi wengi wa Kikristo, cha ajabu, hawauigi. Mtazame Yusufu. Kitabu cha Mwanzo kinamtaja akiwa na miaka 17, mchongezi wa ndugu zake, mwenye kanzu nzuri na ndoto ambazo mtu mwenye busara angezinyamazia. Anatupwa shimoni, anauzwa, anasingiziwa, anafungwa. Msimulizi anatuambia sisi kwamba Bwana alikuwa pamoja naye. Lakini katika sura zile hakuna mahali Mungu anapozungumza na Yusufu ana kwa ana. Msomaji anajua kitu ambacho mfungwa haambiwi. Anayemtoa gerezani ni mnyweshaji, na mnyweshaji alikuwa amemsahau miaka miwili. Maneno kwamba Mungu alikusudia mema yanatoka kinywani mwa Yusufu mwenyewe, mtu mzima, baada ya kulia mbele ya ndugu zake. Hakuna dada aliyemnong'oneza siku ya tatu shimoni.

Kitabu cha Esta kinakwenda mbali zaidi. Katika maandiko ya Kiebrania jina la Mungu halitajwi hata mara moja. Msichana yatima, jumba la mfalme, amri ya mauaji, usiku ambao mfalme alikosa usingizi. Waumini wamesoma kitabu hicho kwa karne nyingi wakimwona Mungu kila ukurasa. Ningekuwa nafundisha uandishi, ningeanza na ule usiku wa kukosa usingizi. Je, ni mkono wa Mungu? Kitabu hakisemi. Kinasema tu mfalme aliagiza asomewe kumbukumbu za utawala wake, na humo likatokea jina la Mordekai, ndugu aliyemlea msichana yule.

Pepo, na kitu ambacho si pepo

Mwaka 1986 ilitoka Marekani riwaya ya Frank Peretti, This Present Darkness, iliyowaonyesha malaika na mapepo wakipigana kwa panga juu ya paa za mji mdogo. Ilikuwa ya watu wazima, lakini ilibadilisha mtazamo wa rafu nzima. Tangu hapo vita vya kiroho ndani ya vitabu vya vijana vimekuwa na mabawa na makucha. Kama burudani ni moto. Kuna kijana aliyeanza kuomba kwa bidii baada ya kuona, japo kwa karatasi, kwamba sala yake inaongeza nguvu kwenye upanga wa mtu.

Ninachokiogopa ni pale kila tatizo la kijana linapopewa pepo lake. Pepo la hofu, pepo la huzuni, pepo la kukosa usingizi. Binti wa miaka 16 ambaye miezi minne hali vizuri, halali, na hataki kuamka, anaombewa sura ya kumi, kitu cheusi kinatoka, sura ya kumi na moja anacheka. Sasa mfikirie msomaji mwenye dalili hizohizo. Ameombewa pia. Hakikutoka kitu. Kitabu kimemwachia majibu mawili tu: ama hana imani, ama Mungu hamtaki. Sonona ni ugonjwa, na mtu anaweza kuwa nao huku anampenda Mungu kwa moyo wote.

Na tena, mfano wa kufuata upo karibu. Eliya, muda mfupi baada ya ushindi wake mkubwa kuliko wote, alikimbilia jangwani akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Malaika alikuja kweli. Hakumkemea, wala hakukemea kitu ndani yake. Alimgusa, akamwambia ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula kilekile. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye, baada ya usingizi, milo miwili na mwendo wa siku 40. Sijasoma riwaya nyingi za vijana ambamo jibu la kwanza la mbinguni kwa kijana anayetaka kufa ni chakula na kulala. Ningependa kuzisoma. Ningependa pia kiongozi wa vijana katika riwaya hizo aseme, “Tumuombee, na kesho tunakwenda hospitali, nitakusindikiza.”

Kurudi nyuma au kuanza kufikiri?

James Fowler, mtaalamu wa teolojia wa Marekani, alichapisha mwaka 1981 kitabu kuhusu hatua za imani katika maisha ya mtu. Ya tatu, ambayo kwa kawaida huanza katika ujana, ni imani inayofinyangwa na watu walio karibu: wazazi, marafiki, mchungaji, kundi. Kijana anaishikilia kwa moyo wake wote. Anaweza kuilia. Lakini hajawahi kusimama nje yake akaitazama. Hatua ya nne huanza siku anapotoka nje na kuitazama, mara nyingi baada ya kuondoka nyumbani au baada ya watu wawili anaowaheshimu kugongana. Wapo wanaozipinga hatua za Fowler, na hakuna anayezipanda kama ngazi za nyumba. Bado zinasaidia kuona mlango ambao riwaya hizi zinasimama.

Maana mlangoni hapo kuna utata mkubwa. Kijana anayerudi nyuma na kijana anayeanza kufikiri hufanana sana kwa nje. Wote wawili hukosa ibada ya Jumatano. Wote wawili huuliza maswali kwa sauti ambayo wazazi huiita kiburi. Wote wawili huacha kuitikia amina. Mmoja anaiacha imani. Mwingine, kwa mara ya kwanza, anataka iwe yake badala ya kuiazima kwa mama. Mama hawezi kuwatofautisha. Mara nyingi kijana mwenyewe hawezi. Hapo ndipo penye riwaya, kwa sababu ni hali ambayo matokeo yake hayajulikani na kila mtu mle ndani ana sababu ya haki ya kuogopa.

Mwandishi akiamua mapema kwamba ni kurudi nyuma, atamrudisha kijana palepale alipotoka, kwenye benchi lilelile, akiimba wimbo uleule, nasi tutaambiwa ni ushindi. Lakini imani ya kuazima iliyorudishwa salama bado ni ya kuazima. Itabidi iondoke tena, na safari hiyo hapatakuwa na mwandishi wa kuirudisha. Yule baba wa Injili ya Marko, mwenye mtoto mgonjwa, alisema yote mawili kwa pumzi moja: “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu.” Yesu hakumtaka achague nusu. Alimponya mtoto.

Kuna hatari nyingine ambayo si ya uasi kabisa. Mwaka 2005 Christian Smith na Melinda Lundquist Denton walitoa kitabu kilichotokana na utafiti mkubwa juu ya dini na vijana wa Marekani wa miaka 13 hadi 17. Wengi wao hawakuwa wakigombana na dini ya wazazi. Waliikubali kwa amani, ila walishindwa kueleza inasema nini. Walipoielezea, alijitokeza Mungu anayetaka watu wawe wema na wafurahi, asiyeingilia maisha yako sana, ila unamwita ukipata shida.

Ukiuweka utafiti huo kando ya rafu ya riwaya, unastuka. Kitabu ambacho Mungu hatajwi hadi mtihani unapokaribia, au mpenzi anapoondoka, kisha anakuja, anatuliza, anaondoka, kinamfundisha kijana dini hiyohiyo. Jalada lina msalaba. Ndani kuna fundi wa dharura. Toleo la kwanza la Tabitha linamhubiri huyo huyo: maumivu yalitokea, maneno yakasemwa, maumivu yakaisha. Mungu wa toleo la pili hajafanya kitu bado, na anatisha zaidi, na ndiye pekee kati ya hao wawili ambaye mtu anaweza kumlilia kama Zaburi ya 88 inavyomlilia. Zaburi hiyo haina mstari wa kugeuka mwishoni. Inaishia gizani, na iliachwa hivyo ndani ya kitabu cha nyimbo za ibada.

Ndiyo maana siwaombi waandishi wamalizie vibaya ili waonekane wa kweli. Mwisho wa huzuni unaweza kuwahi kufika sawasawa na mwisho wa furaha. Mfano wa mwana mpotevu una karamu, ndama na muziki, furaha tele. Pamoja na hayo unaishia nje, uwanjani, baba akimsihi mkubwa aingie. Luka hatuambii kama aliingia. Tabitha anaweza kufika mwisho wa kitabu akiwa anaomba, na sala yake ikawa ni ile orodha ya majina 62 anayoisoma mbele za Mungu jina baada ya jina, kwa hasira. Hiyo ni sala. Mchapishaji akiuliza ushindi uko wapi, aonyeshwe kwamba msichana ameacha kutabasamu.

Augustino akiwa masomoni Carthage, mji mkubwa ulio katika Tunisia ya leo, baba yake alishakufa, na ada ililipwa na mama yake, Monika, ambaye alilia kwa ajili yake miaka mingi. Monika ni mzazi mwenye pochi hasa. Angepata kitabu cha kumrudisha mtoto wake, angekinunua siku hiyohiyo. Katika masomo yale yaliyolipiwa na mama, akiwa na miaka 18, Augustino alikutana na Hortensius, kitabu cha falsafa cha Cicero, Mrumi aliyekufa kabla Kristo hajazaliwa. Kitabu chenyewe leo kimepotea, vimebaki vipande tu. Anasema kitabu hicho ndicho kilichogeuza sala zake na kumfanya aanze kuinuka amrudie Mungu, ingawa ilimchukua tena zaidi ya miaka kumi kufika. Kitu kimoja tu kilimpunguzia moto alipokuwa akikisoma: jina la Kristo halikuwamo. Alilitafuta. Alikuwa amelinywa jina hilo, anasema, katika maziwa ya mama yake.